Thredi Moja Haizuii Pesa Kutoka Mara Mbili

SWALI: Naandika kutoka Mbarara. Nimetengeneza programu ya kikundi chetu cha akiba cha waendesha bodaboda kwa lugha ya JavaScript, nayo inaendeshwa na Node (programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari) kwenye seva moja. Nilifundishwa kwamba JavaScript hutumia thredi moja tu, yaani njia moja ya kutekeleza maagizo, kwa hiyo mambo mawili hayawezi kutokea kwa wakati mmoja. Lakini mwezi uliopita mwanachama mwenye salio la shilingi 50,000 alitoa 40,000 mara mbili ndani ya sekunde moja, na programu ikakubali zote mbili. Isitoshe, nikichapisha ujumbe ili nione kinachoendelea, mistari haitokei kwa mpangilio niliouandika. Je, thredi ni moja kweli? Na nitajuaje kipi kitatangulia?

JIBU: Ndugu yangu, thredi ni moja kweli, na aliyekufundisha hivyo hakukudanganya. Kilichokupotosha ni kuchukulia kwamba kutekelezwa kwa wakati mmoja na kuwa njiani kwa wakati mmoja ni jambo moja. Programu yako haiwezi kutekeleza mistari miwili ya msimbo wako kwa mpigo mmoja, lakini inaweza kuwa na maombi mia moja ambayo yameanza na hayajamalizika, na maombi hayo yakawa yanapokezana thredi hiyo moja, kila moja likisogea hatua kidogo kisha likapisha jingine. Shilingi 40,000 za kikundi chenu zilipenya katika kupokezana huko.

Mfikirie wakala wa pesa za simu kwenye kibanda chake karibu na Old Taxi Park, Kampala. Yuko peke yake, ana mikono miwili na droo moja yenye noti kumi za shilingi 50,000. Mteja wa kwanza anataka kutoa 300,000. Wakala anatazama droo, anaona pesa zinatosha, anaanzisha muamala, kisha anangoja mteja aingize namba ya siri na ujumbe wa uthibitisho ufike. Mtandao unasuasua. Kwa kuwa hapendi kukaa bure, anamgeukia mteja wa pili, ambaye naye anataka 300,000. Anatazama droo, anaona noti kumi zilezile, anaanzisha muamala wa pili. Baada ya nusu dakika jumbe zote mbili zimefika, anadaiwa 600,000 na droo ina 500,000. Tazama kwamba wakala ni mmoja, na hakuna wakati wowote alipofanya mambo mawili kwa pamoja. Kosa lake lilikuwa kutazama droo kabla ya kungoja na kuamini alichokiona baada ya kungoja. Mawakala wazoefu hawafanyi hivyo: wanahesabu noti sita na kuziweka kando kabla hawajamgeukia mtu mwingine. Nitarudi kwenye noti hizo sita, kwa sababu ndizo dawa ya tatizo lako.

Sasa tuingie ndani ya Node yenyewe. Msimbo unaotekelezwa hukaa kwenye rundo la miito: fanksheni (kipande cha msimbo chenye kazi yake) ikiita fanksheni nyingine, ya pili huwekwa juu ya ya kwanza, na ikimaliza huondolewa. Kando ya rundo hilo kuna foleni za kazi zinazosubiri zamu, na kuna mzunguko wa matukio, ambao kazi yake ni kuangalia: rundo likiwa tupu, chukua kazi inayofuata kwenye foleni, iweke kwenye rundo, iache iende mpaka mwisho. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kushika. Kazi iliyoanza haikatizwi na kazi nyingine. Kati ya mstari wa kwanza na wa kumi wa fanksheni ya kawaida isiyo na `await`, neno linaloiambia fanksheni ingoje, hakuna ombi lingine litakalojipenyeza, hata kama wanachama elfu moja wamebonyeza kitufe. Dhamana hiyo ni ya thamani kubwa, na waandishi wa programu zenye thredi nyingi hawana. Huko thredi moja inaweza kusimamishwa katikati ya kuongeza namba moja kwenye kigeu, yaani jina linalohifadhi thamani. Lakini mwisho wa dhamana hiyo ni pale kazi inapojisimamisha yenyewe.

Kuhusu mpangilio wa mistari, chukua msimbo huu mfupi uujaribu:

```
console.log("A");
setTimeout(() => console.log("B"), 0);
Promise.resolve().then(() => console.log("C"));
console.log("D");
```

Utaona A, D, C, B, na utaona hivyo kila mara. A na D ni sehemu ya kazi inayotekelezwa sasa, na kazi hiyo lazima imalizike kwanza. C imefungwa kwenye ahadi (`Promise`), yaani kitu kinachowakilisha matokeo yatakayokuja baadaye, na ahadi zina foleni yao ya kazi ndogo, ambayo humalizwa yote mara tu rundo linapokuwa tupu, kabla mzunguko haujachukua kazi nyingine kubwa. B imefungwa kwenye kipima muda, na vipima muda hungoja mzunguko uvifikie. Kwa hiyo sifuri uliyoiandika haimaanishi sasa hivi. Inamaanisha si kabla ya hapo. Hali ni hiyohiyo kwa namba yoyote: ukiweka milisekunde 100, kisha ukaendesha hesabu inayochukua sekunde tatu bila kupisha, kipima muda chako kitalia baada ya sekunde tatu, na ombi la mwanachama aliyeko Ntungamo litakuwa limekaa mlangoni muda huo wote bila kujibiwa. Vilevile, kazi ndogo inayozaa kazi ndogo nyingine bila kikomo huzuia vipima muda na mtandao kabisa, kwa sababu foleni yake haiishi.

Huenda ukauliza: kama thredi ni moja, nani anayengoja jibu la hifadhidata? Si JavaScript. Node, ambayo Ryan Dahl aliitoa mwaka 2009, huukabidhi mfumo endeshi wa kompyuta kazi ya kuangalia miunganisho ya mtandao, na mfumo huo huiarifu Node data inapofika. Kwa baadhi ya kazi, kama kusoma mafaili, maktaba ya libuv iliyomo ndani ya Node hutumia kundi dogo la thredi zake yenyewe, ambazo kwa kawaida ni nne. Thredi hizo hazigusi vigeu vyako. Zikimaliza, matokeo hurudishwa kwenye foleni, na thredi yako moja ndiyo inayoyapokea.

Tufike sasa kwenye neno `await`, kwa sababu hapo ndipo swali lako lilipo. Ahadi ziliingia katika kiwango rasmi cha JavaScript mwaka 2015, na `async` pamoja na `await` zikafuata mwaka 2017. Zilileta nafuu kubwa ya usomaji: msimbo uliokuwa umejaa fanksheni ndani ya fanksheni sasa unasomeka kutoka juu kwenda chini kama barua. Usomekaji huo una gharama yake, maana jicho linaona mistari mitatu iliyofuatana na akili inaamini kwamba mistari hiyo hutekelezwa kwa kufuatana bila mtu kupita katikati. Ukweli ni kwamba kila `await` huikata fanksheni vipande viwili. Kipande cha kwanza kinaishia hapo, thredi inaachiwa wengine, na kipande cha pili kinawekwa kwenye foleni kitekelezwe baadaye. Katika JavaScript hukata hata kama thamani unayoingoja iko tayari.

Nadhani fanksheni yako inafanana na hii:

```
async function toaPesa(id, kiasi) {
  const salio = await somaSalio(id);
  if (salio < kiasi) throw new Error("Salio halitoshi");
  await andikaSalio(id, salio - kiasi);
}
```

Fuatilia maombi mawili ya shilingi 40,000. Ombi la kwanza linaingia, linatuma swali la salio kwenye hifadhidata, linafika kwenye `await` na kupisha. Thredi iko huru, kwa hiyo ombi la pili linaingia, linatuma swali lilelile, nalo linapisha. Jibu la kwanza linarudi: 50,000. Kipande cha pili cha ombi la kwanza kinaendelea, kinaona 50,000 inazidi 40,000, kinatuma agizo la kuandika 10,000, kinapisha. Jibu la pili linarudi, nalo ni 50,000, kwa sababu liliulizwa kabla ya chochote kuandikwa. Linapita kwenye sharti, nalo linaandika 10,000. Mwisho wa yote zimetoka 80,000, na hifadhidata inaonyesha salio la 10,000 kana kwamba hakuna kilichoharibika. Ndiyo maana hukupata ujumbe wa kosa popote. Kila mstari ulifanya ulichoagizwa.

Nalijua jambo hili kwa uchungu. Miaka iliyopita niliandika programu ya kupokea kahawa kwa ushirika mmoja kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kila gunia lilipopimwa, uzito uliongezwa kwenye jumla ya siku kwa mstari mmoja tu: `jumla += await somaUzito(gunia)`. Niliamini kwamba mstari mmoja hauwezi kukatwa. Jioni moja jumla ya programu ilikuwa pungufu kuliko jumla ya stakabadhi walizopewa wakulima, na karani alihesabu stakabadhi hizo kwa mkono mpaka usiku akidhani kosa ni lake. Kosa lilikuwa langu. JavaScript husoma thamani ya `jumla` iliyoko kushoto kwanza, kisha ndiyo inangoja. Magunia mawili, la kilo 62 na la kilo 48, yakipimwa kwa kukaribiana wakati jumla ni sifuri, kila moja linabeba ile sifuri ya zamani, na namba ya la mwisho kufika ndiyo inayobaki. La kilo 48 likiwa la mwisho, badala ya 110 unapata 48. Tiba yake ilikuwa kuandika mistari miwili: `const uzito = await somaUzito(gunia);` halafu `jumla += uzito;`. Mstari wa pili hauna `await`, hivyo kusoma, kuongeza na kuandika hufanyika bila mtu kupita katikati. Mpaka leo, nikiona kigeu cha pamoja upande mmoja na `await` upande mwingine wa mstari uleule, nasimama na kuusoma tena.

Kwa salio la wanachama, hata hivyo, kigeu hakiko kwenye kumbukumbu ya programu bali kwenye hifadhidata, na hapo ndipo ulinzi unapaswa kuwekwa. Acha kusoma salio, kulifikiria, kisha kulirudisha. Iagize hifadhidata ifanye ukaguzi na upunguzaji kwa agizo moja:

```
UPDATE akaunti SET salio = salio - 40000
WHERE id = 7 AND salio >= 40000;
```

Baada ya agizo hilo, uliza ni safu ngapi (hapa safu moja ni akaunti moja) zimebadilika. Ikiwa ni moja, pesa zimetengwa na unaweza kuendelea kumlipa mwanachama. Ikiwa ni sifuri, salio halikutosha. Katika hifadhidata za PostgreSQL na MySQL, maagizo mawili ya namna hii yakigombania safu moja, la pili hungoja la kwanza likamilike, kisha sharti hukaguliwa dhidi ya salio jipya, ambalo sasa ni 10,000, na agizo la pili halibadilishi kitu. Hizo ndizo noti sita zilizowekwa kando kabla ya kumgeukia mteja mwingine. Na kama wakala, ikiwa malipo yenyewe yatashindikana huko mbele, unazirudisha drooni: unaongeza 40,000 kwa agizo jingine na kuandika sababu.

Wapo watakaokushauri uweke kufuli ndani ya programu, yaani uhifadhi ahadi moja kwa kila mwanachama na kila ombi jipya lingoje ahadi ya ombi lililotangulia. Njia hiyo inafanya kazi, na kwa rasilimali ambayo iko ndani ya programu tu ninaitumia bila wasiwasi. Kwa pesa siipendi. Inafaa tu maadamu programu inaendeshwa kwa prosesi moja, yaani nakala moja inayoendeshwa. Siku kikundi chenu kitakapokua mkaongeza seva ya pili, au mkaendesha prosesi mbili kwenye seva hiyohiyo ili kutumia prosesa vizuri, kila prosesi itakuwa na kufuli yake na hakuna itakayoijua ya mwenzake. Hifadhidata ni moja kwa wote.

Lipo jambo la pili lililojificha ndani ya kisa chako, nalo si la thredi hata kidogo. Mtu kutoa 40,000 mara mbili ndani ya sekunde moja mara nyingi si mwizi; ni mtu aliyebonyeza kitufe, akaona skrini imeganda kwa sababu ya mtandao, akabonyeza tena. Agizo la hapo juu lingezuia ombi la pili kwa sababu salio lilikuwa 50,000. Kama angekuwa na 100,000, maombi yote mawili yangepita kihalali na mwanachama angelalamika kwamba alitaka mara moja tu. Kwa hiyo simu iunde namba ya kipekee ya ombi pale fomu inapofunguliwa, iitume pamoja na ombi, na hifadhidata iwe na jedwali la miamala ambalo haliruhusu namba hiyo kurudiwa. Uandikaji wa namba hiyo na upunguzaji wa salio viwe ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, ili vyote vikubaliwe au vyote vikataliwe. Angalia sana hapa: kama unatumia kundi la miunganisho ya hifadhidata iliyofunguliwa tayari, maagizo yote ya muamala mmoja lazima yapite kwenye muunganisho uleule. Nimeona programu zinazofungua muamala kwenye muunganisho mmoja na kupunguza salio kwenye mwingine, na waandishi wake walishangaa kwa nini kufuta muamala hakurudishi pesa.

Kwenye swali lako la mpangilio, kuna tego moja linalowanasa wengi. Ukiwa na orodha ya wanachama na ukaandika `forEach` yenye fanksheni ya `async` ndani yake, `forEach` haitangoja yeyote. Itaanzisha zote na kuondoka, na mstari unaofuata utatekelezwa wakati kazi zote ziko njiani. Ukitaka mmoja baada ya mwingine, tumia `for...of` na uweke `await` ndani yake. Ukitaka zote zianze pamoja na ungoje zote, tumia `Promise.all`, hiyo itakupa matokeo kwa mpangilio wa orodha uliyoipa, ingawa kazi zenyewe zinaweza kumalizika kwa mpangilio wowote. Na kumbuka kwamba fanksheni ya `async` katika JavaScript huanza kutekelezwa papo hapo unapoiita, ikaenda mpaka `await` ya kwanza. Nataja hili kwa sababu vijana wengi hapa Uganda hujifunza Python pia, na huko mambo ni tofauti: kuiita fanksheni ya namna hiyo hakuanzishi chochote mpaka uingoje au uifanye kuwa jukumu la asyncio, maktaba ya Python ya kazi za kupokezana.

Kuhusu mipangilio mingine midogo, kama vile kipi kinatangulia kati ya `setTimeout` ya sifuri na `setImmediate`, nakusihi usijenge chochote juu yake. Ukiziita zote mbili kutoka faili kuu la Node, mpangilio wake hautabiriki, na hilo limeandikwa wazi katika maelezo ya Node yenyewe. Ikiwa kazi ya pili inahitaji matokeo ya kwanza, ingoje kwa `await` na msomaji wa msimbo wako ataona sababu. Ikiwa haiyahitaji, mpangilio wao haukuhusu.

Kabla hujaiweka programu mpya mbele ya wanachama, ijaribu kwa makusudi. Kwenye hifadhidata ya majaribio, mpe mwanachama salio la 50,000, ongeza ucheleweshaji wa nusu sekunde mara baada ya `somaSalio` katika msimbo wa zamani, kisha uite `Promise.allSettled([toaPesa(7, 40000), toaPesa(7, 40000)])`. Msimbo wa zamani utakubali zote mbili na kuacha 10,000. Weka ucheleweshaji huohuo kabla ya agizo la `UPDATE` katika msimbo mpya, uliotengenezwa urushe kosa pale safu zilizobadilika zinapokuwa sifuri: ombi moja litakubaliwa, la pili litarudi na “Salio halitoshi”, na salio litabaki 10,000. Rudia mara mia, maana jaribio moja lililofaulu halithibitishi kitu katika jambo la kupokezana.

Kisha urudi kwenye daftari halisi la kikundi. Usiamini salio lililoandikwa kwa mwanachama yeyote. Kokotoa upya kila salio kutoka kwenye amana na utoaji uliorekodiwa, ulinganishe. Yule mwanachama wako ataonekana ana 10,000 ilhali hesabu ya kweli ni upungufu wa 30,000, na huenda si yeye peke yake. Mweleze mweka hazina kabla ya mkutano ujao, ukiwa na karatasi ya miamala mkononi, ili asije akashukiwa kwa pesa ambazo programu ndiyo iliyozitoa.